Kipimajoto Kikae Wapi Kwenye Jiko la Kuni: Mwongozo kwa Wapishi na Waokaji wa Tanga

Jiko la kuni la chuma lenye bomba na oveni halina joto moja. Lina joto la moshi unaopanda bombani, joto la bamba la juu linapokaa sufuria, na joto la hewa ya oveni inapoiva mikate. Kwa dakika ile ile, jiko lile lile, moshi ndani ya bomba unaweza kuwa nyuzi 350, uso wa nje wa bomba nyuzi 190, bamba nyuzi 260 na oveni nyuzi 180. Zote ni kweli. Kipimajoto husoma pale kilipogusa, basi. Ndiyo maana mtu anaweza kubandika kipimajoto kizuri mahali pasipofaa, akakiamini, na bado akaunguza keki au akajaza bomba lake lami ya moshi (mabaki meusi ya moshi yanayoweza kushika moto) bila kujua.

Kabla ya kuchagua mahali, amua kwanza unataka kujua nini. Unataka kujua kama moto unaungua safi na bomba liko salama? Kipimajoto kiende bombani. Unataka kulinda jiko lisipinde wala kupasuka? Kiende juu ya bamba. Unaoka? Kiingie ndani ya oveni. Kama mfuko unaruhusu kimoja tu, na jiko lako lina bomba, anza na bomba. Cha pili kiwe cha oveni. Cha bamba ni cha mwisho, kwa sababu bamba lina njia nyingine za kulisoma, nazo zimo humu.

Namba zote hapa ni za Selsiasi. Mwongozo ni wa majiko ya nyumbani, ya vibanda vya chakula na ya waokaji wadogo, iwe ni Ngamiani, Makorora au kule juu Lushoto ambako jiko hilo hilo hupasha na chumba msimu wa baridi. Taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku zimekwishaagizwa na serikali kuacha kuni na mkaa, kwa hiyo hazihusiki hapa.

Ununue kipi

Kipimajoto cha kawaida cha jiko la kuni ni kisahani cha duara chenye mshale, na nyuma kina sumaku. Ndani mna ukanda wa metali mbili zilizogandana, umeviringwa kama springi ya saa. Metali hizo hutanuka kwa viwango tofauti, ukanda ukapinda, mshale ukazunguka. Hakina betri wala waya, na kwa mazingira ya jikoni hiyo ni sifa kubwa.

Kabla ya kununua chochote, chukua sumaku ndogo ujaribu bomba na jiko lako. Chuma cha kawaida na bati la mabati hushika. Alumini haishiki, na vyuma vingi visivyoshika kutu havishiki pia. Ikiwa bomba halishiki sumaku, tafuta kipimajoto cha springi au kifunge kwa waya laini wa chuma, ule wa kufungia nondo, mizunguko miwili, ukaze kwa koleo. Usitumie waya wa umeme wenye plastiki wala gundi. Plastiki itayeyuka na gundi itaachia.

Tazama pia kwamba mshale unafika angalau nyuzi 400 na kwamba muuzaji anasema wazi ni cha jiko au bomba. Sumaku za kuchezea au za kubandika karatasi kwenye friji, hasa zile ndogo zenye nguvu sana, hupoteza nguvu zikipita karibu nyuzi 80. Mtu akitengeneza chake kwa sumaku ya namna hiyo, kitashika asubuhi na kuanguka mchana.

Vipimajoto vingi vinavyoletwa nchini vimeandikwa kwa Farenhaiti. Toa 32, kisha gawa kwa 1.8. Kikisoma 475, 475 ukitoa 32 unabaki na 443, ukigawa kwa 1.8 unapata 246. Fanya hesabu hiyo mara moja kwa namba mbili tu utakazozihitaji, 115 na 245 za Selsiasi, ambazo ni kama 240 na 475 za Farenhaiti, uzichore kwenye kioo kwa kalamu ya wino usiofutika.

Aina ya pili ni kipimajoto cha sindano, kinachopenya ndani ya bomba na kusoma moshi wenyewe. Hicho ndicho pekee kinachofaa kama bomba lako lina kuta mbili, kwa sababu ukuta wa nje wa bomba hilo hubaki poa hata kama ndani kunawaka. Kubandika cha sumaku juu ya bomba la kuta mbili ni kazi bure, tena ya hatari, kwa kuwa kitakwambia kila siku kwamba moto wako ni mdogo, na wewe utaendelea kuongeza kuni.

Aina ya tatu ni ile ya bastola, unaelekeza na kubonyeza. Inafaa kukagua sehemu nyingi kwa haraka, lakini hudanganywa na chuma kinachong'aa. Bomba jipya la mabati litasomeka poa kuliko lilivyo. Paka doa la rangi nyeusi isiyong'aa ya kuhimili joto, ukubwa wa kiganja, upime hapo hapo kila mara. Vipimajoto vya homa na vya kioo chenye zebaki visikaribie jiko kabisa.

Bombani: sentimita 45 juu ya jiko

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Kipimo kinachokubalika ni sentimita 45 hadi 60 kutoka pale bomba linapotoka kwenye jiko. Ukishuka chini ya hapo, joto linalopanda kutoka kwenye bamba na mwako wa ndimi za moto unaoingia shingoni mwa bomba vitapandisha mshale kuliko hali halisi ya moshi. Ukipanda juu sana, tuseme mita moja na nusu, moshi umekwishapoa njiani na mshale utakuambia moto ni dhaifu wakati jiko limepita kiasi.

1. Jiko likiwa limepoa kabisa, shika futi ya kupimia, anza pale bomba linapokaa kwenye shingo ya jiko, panda sentimita 45, weka alama ya chaki.

2. Angalia kama alama imeangukia kwenye mshono wa bomba, kwenye kiungo cha vipande viwili, au kwenye kona. Kama ndivyo, panda mpaka upate sehemu iliyonyooka na laini. Kwenye mshono bati limekunjwa mara mbili au tatu, na sumaku haitalala vizuri. Kwenye kona moshi hugonga upande mmoja, kwa hiyo upande wa nje husoma juu na wa ndani chini.

3. Kama bomba lina kilango cha ndani cha kupunguza moshi, kaa mbali nacho angalau shubiri moja. Usawa wake moshi huzungukazunguka na namba huruka.

4. Chagua upande wa bomba unaouona ukiwa umesimama mahali pako pa kupikia, na usiopigwa na upepo wa mlangoni au dirishani. Hili watu wengi hulisahau pwani. Upepo wa kusi unaoingia jikoni moja kwa moja unaweza kupoza uso wa bomba upande mmoja, na kaskazi ikianza kuvuma upande unaopozwa ni mwingine. Kama jiko liko kibarazani, weka kipimajoto upande wa ukutani.

5. Sugua mahali pale kwa msasa mpaka kutu na masizi ya nje yaishe, ukubwa wa kisahani tu. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu. Bandika. Kizungushe kidogo kwa vidole: kama kinacheza, uso haujalala sawa na namba itasoma chini, kwa sababu hewa iliyo katikati inazuia joto.

Kama bomba linatokea nyuma ya jiko badala ya juu, linakwenda mlalo kisha linapinda kupanda, pima sentimita 45 kwa kufuata njia ya moshi, halafu weka kipimajoto kwenye sehemu ya kwanza iliyosimama wima baada ya kona.

Kwa cha sindano, urefu ni ule ule. Tumia drili na biti inayolingana na sindano, mara nyingi milimita 6, lakini pima sindano yako kwanza. Ncha ya sindano ifike katikati ya bomba: kwa bomba la kipenyo cha sentimita 15, iingie kama sentimita 7 hadi 8. Ikigusa ukuta wa pili itasoma ukuta, siyo moshi. Toboa jiko likiwa limepoa, ukiwa umevaa miwani, na chomoa sindano kila unaposafisha bomba, la sivyo brashi itaipinda.

Namba za bombani zina maana gani

Kwa kipimajoto cha sumaku kwenye bomba la ukuta mmoja:

Chini ya 115, bomba ni poa mno. Moshi una mvuke wa maji na mafuta mazito ya kuni. Vikigusa chuma kilichopoa hugandama kama jasho jeusi, na hilo jasho likikauka ndiyo lami ya moshi: kwanza inang'aa na kunata, baadaye inakuwa ngumu kama lami ya barabarani. Inaungua. Siku moja ukiwasha moto mkubwa inashika, na bomba lote linakuwa jiko.

Kati ya 115 na 245 ndipo unapotaka kukaa. Kwa kupikia kawaida, 150 hadi 200 inatosha kabisa.

Juu ya 245 unapoteza joto kwenda angani na unachosha bomba. Kama bomba lako ni bati la mabati, hali ni mbaya zaidi. Ule upako mweupe ni zinki, nayo huanza kuharibika kwenye joto la kiasi hiki na huyeyuka kwenye nyuzi 419. Moshi wake haufai kuvutwa. Fundi akikutengenezea bomba, mwambie atumie bati jeusi nene lisilo na zinki, angalau kwenye mita ya kwanza na nusu.

Kwa cha sindano namba ni nyingine, kwa kuwa moshi wa ndani huwa na joto la mara moja na nusu hadi mara mbili ya uso wa nje. Hapo kaa kati ya 200 na 480. Usichanganye vipimo viwili. Mtu mwenye kipimajoto cha sindano anayefuata namba za sumaku atapika kwa moto wa kulegea mwaka mzima na kujaza bomba lami.

Juu ya bamba

Bamba la jiko haliwi na joto sawa kila mahali. Majiko mengi yana bamba la ndani linalolazimisha moto kuzunguka kabla ya kutoka, kwa hiyo sehemu ya moto kuliko zote huwa mbele kidogo ya shingo ya bomba, siyo juu ya moto wenyewe. Namna ya kuipata ni rahisi: washa moto wa kawaida, subiri nusu saa, kisha weka virundo vidogo vya unga wa ngano kwa vidole sehemu tano au sita juu ya bamba tupu. Tazama kwa makini. Kirundo kimoja kitageuka rangi ya maziwa ya kuchemka, halafu rangi ya majani ya chai, kabla ya vingine. Hapo ndipo penye joto kali, na hapo ndipo kipimajoto kiwekwe kama lengo ni kulinda jiko. Kama unapahitaji kwa sufuria, kihamishie pembeni, ila ujue kitasoma chini zaidi, na uandike tofauti: pima pote siku moja, kwa moto mmoja, ukijua kwamba pembeni 220 maana yake kati ni 270, kwa mfano, utaishi na hesabu hiyo.

Usikiweke chini ya sufuria, wala sentimita kumi tu kutoka sufuria kubwa ya maji. Maji hayapiti nyuzi 100, na sufuria iliyojaa huvuta joto la chuma kilicho karibu nayo.

Bamba likiwa kati ya 200 na 315, jiko linafanya kazi vizuri. Likipita 370 unaliumiza: chuma cha kuchomelea hupinda, cha kuvalishwa udongo hupasua udongo, na cha kalibu (kilichoyeyushwa na kumiminwa) kinaweza kupata ufa. Ukiona wekundu gizani umevuka nyuzi 500, na hilo ni jambo la kuzima, siyo la kutazama.

Asiye na kipimajoto cha bamba atumie tone la maji. Likianguka likatulia na kuchemka na kupotea, bamba limepita 100. Likikimbia huku na huku kama ushanga bila kukauka upesi, limekaribia 200. Kwa chapati na mkate wa ufuta hilo linatosha.

Majiko ya udongo na matofali ni habari tofauti. Sumaku haishiki, na hata ungekifunga, uso wa nje huchelewa saa nzima au zaidi nyuma ya moto. Kwa hayo, bomba na ndani ya tanuri ndizo sehemu pekee zenye maana.

Ndani ya oveni

Mlango wa oveni ya fundi mara nyingi huja na kipimajoto kilichochomekwa katikati ya mlango. Kinasoma hewa iliyo karibu na mlango, ambayo ni sehemu poa kuliko zote. Tofauti ya nyuzi 30 na kilichopo katikati si ajabu. Kitumie kujua joto linapanda au linashuka, lakini usiokee namba yake.

Cha kuokea kikae juu ya rafu ya kati, usawa ule ule wa uso wa mkate, katikati ya upana, kisiguse ukuta wala bati. Kama kina ndoano, kining'inize kwenye waya wa rafu ili kioneke ukifungua mlango kidogo. Usiweke karibu na ukuta wa upande wa moto. Upande huo chuma ni kimoja tu kati ya moto na mkate, na ndiko mikate inakoungua ubavu.

Kisha ramani ya oveni, kazi ya mara moja inayookoa unga wa miezi. Pasha oveni mpaka kipimajoto kisome 180 na kikae hapo robo saa. Panga vipande vya mkate wa jana vya unene mmoja kwenye rafu nzima, mbele, nyuma, kulia, kushoto, kati. Funga dakika nane hadi kumi. Vitoe kwa mpangilio ule ule uviweke mezani kama vilivyokuwa. Rangi ndiyo ramani. Kama kushoto ni kahawia na kulia ni vyeupe, utajua kwamba mikate inageuzwa ikifika theluthi mbili ya muda, na kwamba mkate wa kumimina, ambao ni mwororo na haupendi kusukumwa kabla haujashika, uwekwe upande wa pole tangu mwanzo.

Joto la kuanzia: mikate ya ngano 200 hadi 220, keki na mkate wa kumimina 170 hadi 180. Oveni ya kuni hushuka nyuzi 20 au 30 kila ukifungua mlango na huchelewa kurudi, kwa hiyo ipashe 20 juu ya unachotaka kabla ya kuingiza. Ukiwa na kipimajoto cha sindano cha chakula, mkate umeiva kati yake ukifika nyuzi 93 hadi 96. Hapo huhitaji kugonga tako la mkate kusikiliza.

Kuendesha moto kwa kutazama mshale

Washa kwa vifuu vya nazi na vijiti vikavu, kilango cha bomba wazi kabisa, tundu la hewa wazi. Bomba linapaswa kufika 115 ndani ya dakika 10 hadi 15. Lisipofika, kuni ni mbichi au bomba limeziba. Likifika 200, ongeza kuni mbili au tatu za unene wa kifundo cha mkono, na mshale utashuka kidogo kwanza, jambo la kawaida, kwa sababu kuni mpya hutoa maji yake kabla ya kutoa joto. Ukianza kupanda tena, punguza tundu la hewa nusu. Tafuta kusimama kati ya 150 na 200.

Vifuu na mabua ya mkonge hupandisha mshale haraka mno, kisha huuangusha. Ni vya kuwashia tu. Kuni za kuendeshea ziwe mvinje, mwembe, mkorosho au mwarobaini, zilizopasuliwa unene wa sentimita 8 hadi 12 na kukauka. Mikoko isiguswe, ni misitu iliyohifadhiwa. Mbao za madau yaliyochakaa na mbao zilizookotwa ufukweni pia ziepukwe: chumvi iliyomo inapoungua hula chuma cha jiko na bomba, na rangi na mafuta ya dau hutoa moshi wa sumu.

Kukausha kuni Tanga kunataka subira. Hewa ni nyevu, na wakati wa masika kuni iliyokauka hurudi kunyonya maji. Pasua, zipange juu ya magogo mawili zisiguse ardhi, funika juu tu, pande zipitishe upepo. Zipasuliwe mapema ili zipate kaskazi nzima ya Desemba hadi Februari. Kujua zimekauka, pima kuni moja kwenye mizani ya dukani, iandike, ipime tena kila wiki. Wiki mbili mfululizo uzito usipopungua, imekauka kadiri hewa ya hapa inavyoruhusu. Kuni yenye maji chini ya sehemu ya tano ya uzito wake huungua safi. Ikizidi hapo, hakuna mahali pa kuweka kipimajoto patakapoiokoa.

Mshale ukipita 245 na bado unapanda, funga tundu la hewa. Usifungue mlango wa kuni, hewa itaongeza moto. Usimwagie maji, chuma moto kinapasuka na mvuke unaunguza. Kilango cha bomba kipunguze, lakini usikifunge kabisa maadamu kuna makaa, kwa kuwa hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi itarudi chumbani, na haina harufu wala rangi. Watu wamelala na makaa wakakutwa wamekufa.

Ukisikia bomba linaunguruma kama upepo mkali, linatetemeka, na mshale umelala mwisho, lami ndani imeshika moto. Funga kila tundu la hewa, watoe watu nje, piga 114 kwa Zimamoto. Kama paa ni la makuti au bomba liko karibu na boriti, usisubiri kuona. Bomba la ukuta mmoja linatakiwa kuwa sentimita 45 kutoka kitu chochote kinachoungua, na hapo makuti hayana msamaha wowote: bomba lisipite kwenye makuti bila nafasi hiyo pande zote na kofia ya kuzuia cheche juu.

Kipimajoto kinaposema uongo

Jaribu kipimajoto kabla ya kukiamini, na tena kila miezi mitatu. Cha sumaku kijaribiwe na maji yanayochemka, lakini sufuria zetu nyingi ni za alumini, kwa hiyo sumaku haitashika. Chukua kopo la bati la maziwa ya unga, jaza maji, yachemshe juu ya moto, bandika kipimajoto ubavuni kwa dakika tano. Kikisoma kati ya 90 na 100, kiko sawa. Tanga mjini maji huchemka kwenye 100. Lushoto mjini, karibu mita 1,400 juu ya bahari, huchemka kwenye 95, kwa hiyo mtu wa kule asikitupe kipimajoto kwa kukosa nyuzi tano ambazo hazipo.

Cha oveni kijaribiwe na sukari. Weka kijiko cha sukari nyeupe kwenye kipande cha bati ndani ya oveni inayosoma 175, subiri robo saa, inapaswa kubaki chembe chembe. Pandisha hadi 190, robo saa nyingine, inapaswa kuyeyuka. Ikiyeyuka kwenye 175, kipimajoto kinasoma chini ya kweli. Isipoyeyuka kwenye 190, kinasoma juu ya kweli. Jua tofauti, iandike mlangoni kwa chaki, endelea kuoka.

Mshale ukisoma chini kuliko kawaida, kwa kuni zile zile na moto ule ule, wiki baada ya wiki, usilaumu kipimajoto kwanza. Masizi yamejenga ukuta ndani ya bomba na joto halifiki nje. Toa kofia ya bomba, ingiza kucha au msumari: masizi yakiwa na unene wa milimita 3, safisha. Yakiwa magumu na yanang'aa, mwite fundi, kwa sababu brashi haiondoi lami iliyoganda.

Mshale ukishuka ghafla siku moja, tafuta mwanya. Kiungo cha bomba chini ya kipimajoto kikiachia, hewa baridi huingia na kupoza moshi. Pitisha kijiti cha udi kinachofuka kuzunguka kila kiungo moto ukiwaka: moshi wa udi ukivutwa kwenda ndani, umepata mwanya. Uzibe kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na majivu kwa muda, kisha kwa simenti ya kuhimili joto.

Mshale usiorudi chini jiko likipoa usiku kucha, wakati asubuhi ya Tanga inapaswa kusoma 25 hadi 30, umeungua. Springi ya ndani ikishapita kiwango chake hailegei tena sawasawa. Nunua kingine. Na kwa sababu ya hewa ya bahari, toa kipimajoto kila mwezi, piga msasa kidogo nyuma yake na kwenye bomba, na paka rangi nyeusi ya kuhimili joto pembeni mwa duara, siyo chini yake.